Chungu cha Tatu cha Subilaga

Hapo zamani, na msiniulize ni lini, maana mimi sikuwepo na aliyenisimulia hakuwepo, kulikuwa na nchi ya milima iliyoitwa Isyunge. Kaeni vizuri. Wewe unayekohoa, kohoa sasa umalize. Mwisho wa hadithi hii ni wenu, si wangu, na atakayesinzia nisimsikie baadaye anatoa hukumu.

Watu wa Isyunge walikuwa watu wa pombe. Walipika pombe ya ulezi, nzito, ya rangi ya udongo, ukinywa kata mbili asubuhi huulizii chakula mpaka jioni. Na adabu yao ilikuwa hii: mgeni akifika, kabla ya kumchotea unaikoroga pombe mpaka chini, machicha yote yapande juu. Kumpa mgeni pombe iliyotulia ni sawa na kumpa mchuzi ukamfichia nyama. Watu walinuniana miaka kwa jambo hilo.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke mmoja, Subilaga, mpishi wa pombe. Na alijua kupika! Ulikuwa ukipita nyuma ya nyumba yake unameza mate bila kutaka. Baba yake, Mzee Lwitiko, alikuwa mlinzi wa daraja la mto Kalwe. Lilikuwa daraja la kamba za mitambaazi, na kazi ya mzee ilikuwa moja tu: kila mvua inapokatika, alipite daraja lote, ashike kila fundo kwa mkono wake, lililolegea alikaze, kabla mtu yeyote hajavuka.

Siku moja ya mavuno Subilaga alipika pombe. Mvua ikanyesha usiku, asubuhi ikakatika. Mzee Lwitiko akaitwa kwenye pombe. Akasema, "Nitakunywa kata moja, kisha niende darajani." Akanywa moja. Akanywa ya pili. Ya tatu hakuihesabu. Mchana ule Ipyana, mtoto wa pekee wa mjane Ambwene, akapita darajani na mkungu wa ndizi begani. Fundo likafunguka. Na mto Kalwe ukishachukua, haurudishi.

Wazee wakakaa, wakaamua: Lwitiko avuke mto, akaishi ng'ambo peke yake, asirudi. Akavuka na jembe lake na mkeka wake.

Subilaga alibaki na jambo moja kifuani, na alilisema wazi kwa yeyote aliyemuuliza: "Pombe ile niliipika mimi." Kila asubuhi alisimama uani akatazama ng'ambo. Moshi ukitoka kwenye kibanda cha baba yake, alisema, "Ameamka," ndipo anawasha moto wake. Alikuwa na kaka yake pia, Gwakisa, mwanamume mkimya mwenye shingo nene. Tangu siku ile Gwakisa hakugusa pombe tena. Watu walidhani ni huzuni, hawakumuuliza.

Sasa sikilizeni desturi, maana bila desturi hii hamtaelewa kitu. Isyunge walikuwa na kitu walichokiita pombe ya kuonana. Zamani zaidi ya zamani hizi, mtu alijifanya anapatana na adui yake, akamtilia sumu katika pombe nzito ya machicha. Basi wakaweka sheria. Mtu aliyefukuzwa anaweza kurudi baada ya miaka mitano, ndugu zake wakipika pombe safi. Safi vipi? Inamiminwa katika chungu chenye kina cha shubiri moja. Chini inawekwa kauri nyeupe, ile moja ambayo mababu waliileta kutoka pwani. Kisha aliyekosewa anainama na kutazama. Akiiona kauri, anamwambia mkosaji, "Nakuona," na mkosaji anavuka. Asipoiona, basi. Na vyungu ni vitatu tu, kimoja kila mavuno. Cha nne hakuna.

Tena iko ya mwisho, ishikeni vizuri. Mtu akirudi hivyo, harudi kwenye nyumba yake ya zamani. Aliyeisafisha pombe ndiye anayepokea mzigo wake mbele ya watu, anakwenda naye kwake, na huyo aliyerudi atakula kwenye jiko hilo na kulala chini ya paa hilo mpaka siku ya kufa kwake. Walisema, "Aliyesafisha pombe amemzaa mara ya pili." Na mtu hazaliwi na nyumba mbili.

Mwaka wa tano ulipotimia, Subilaga akasema, "Nitapika."

Akapika chungu cha kwanza. Alikichuja mara tatu, akakiacha kitulie siku mbili, juu kikaanza kutakata. Siku ya kuonana watu wakajaa. Bi Tupokigwe, mwenye kutunza kauri, akafika nayo imefungwa kwenye pindo la nguo. Sasa Subilaga alikuwa na shangazi, mtu wa adabu kupita kiasi. Shangazi akaona wageni wote wale, akaona chungu kimetulia, aibu ikamshika. Akachukua mwiko, akakoroga mpaka chini!

"Shangazi! Umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Wageni wote hawa uwape maji ya juu? Marehemu mama yako angesemaje?"

Pombe ikamiminwa hivyo hivyo. Kauri ikawekwa. Ambwene akainama. Akatazama. Akatazama tena. Akasema, "Sioni."

Ng'ambo ya mto Mzee Lwitiko, aliyekuwa amesimama na mzigo wake mkononi, akageuka akarudi kibandani.

Mwingine angelia mwezi mzima. Subilaga alilia siku moja, ya pili akaenda kulima shamba la ulezi. Alisema, "Shangazi nimeshamjua. Mwaka ujao mwiko nitaukalia."

Kweli, mwaka wa sita aliukalia mwiko. Msicheke, aliukalia. Chungu cha pili kilitulia siku nne, hakuna aliyekigusa, hata nzi alifukuzwa kwa heshima. Siku ikafika. Kauri ikawekwa. Ambwene akainama. Akatazama. Akatazama tena. Akasema, "Sioni."

Ng'ambo mzee akageuka na mzigo wake.

Safari hii Subilaga hakulia kabisa. Watu walipoondoka, alikaa na chungu kile kutwa nzima. Akaingiza mkono, akautoa, akatazama kilichobaki kwenye vidole. Ulikuwa unga laini, laini kama majivu. Akachota pombe kwenye kata, akaiweka, akaingoja. Ule unga haukwenda chini wala haukupanda juu, ulikaa katikati tu. Ndipo akaelewa, akajipiga paja.

Maana wanawake wa Isyunge walisifiwa kwa kusaga. Kimea, yaani ulezi ulioloweshwa ukaota ukaanikwa, walikisaga mpaka kikawa vumbi. Binti aliyesaga laini aliambiwa amefundwa. Na Subilaga alifundwa kuliko wote. Sifa yake ndiyo iliyokuwa inamfungia baba yake nje.

"Mwaka ujao," akasema, "nitasaga vibaya."

Mwaka huo, wa saba, moshi wa ng'ambo ulianza kuchelewa. Zamani ulitoka jogoo akiwika. Sasa ulitoka jua likiwa juu, na siku nyingine haukutoka mpaka mchana. Subilaga alisimama uani, hakuwasha moto, akangoja. Majirani walimwambia, "Mama, watoto wako watakula nini?" Akajibu, "Watakula babu yao akiamka." Alijua kwamba chungu hiki kikimshinda, siku moja atangoja moshi usiotoka, na hataruhusiwa hata kuvuka kwenda kuzika.

Akapika chungu cha tatu. Alipasua kimea chake kwenye jiwe, punje mbili vipande vinne, hakukisaga. Wanawake waliopita wakacheka: "Subilaga kazeeka, kasahau kusaga!" Akawaambia, "Chekeni tu, jino halivunjiki kwa kucheka." Alitandika nyasi kavu kwenye kung'uto, akachuja polepole bila kukamua, ingawa mikono ilimwasha kwa hamu ya kukamua. Kile kilichochujwa akakirudisha motoni, akakichemsha kwa moto mkali mpaka mabonge yakapanda juu kama maziwa yaliyokatika, akayaengua, akachemsha tena. Mvuke ulimbabua mkono wa kuume kutoka kiganja mpaka kiwiko. Akapaka asali, akaendelea kuengua kwa mkono wa kushoto. Kilipopoa akamimina kilichotakata, masalia yote akayaacha chini, akatia chachu, akafunika, akakaa mlangoni.

Kikachachuka. Kikatulia. Akaonja. Jamani! Ilikuwa pombe ambayo Isyunge hawajaionja. Haikujaza mdomo uji. Ilikata ulimi, ikapita, ikaacha mdomo mkavu, safi, wenye hamu ya nyingine. Akatumbukiza haragwe jeupe ndani badala ya kauri, akainama.

Hakuliona. Ukungu ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwepo.

Hapo ndipo Gwakisa alipoingia. Alisimama, akatazama chungu, akatazama mkono wa dada yake.

"Zimebaki siku ngapi?"

"Tano."

"Nipe hicho chungu."

"Ukipeleke wapi, kaka?"

"Juu. Kwenye sakitu."

Mlima wa Isyunge una kilele ambako majani huamka meupe kwa baridi, na chemchemi yake ukitia mguu unautoa huusikii. Gwakisa alikuwa akichunga huko. Alikuwa ameona kwamba maji ya tope yakilala katika chemchemi ile, tope linazama upesi. Akajitwika chungu kichwani. Nusu siku ya kupanda, hatua kwa hatua, asikitikise. Akakizamisha mpaka shingoni katika chemchemi. Siku tatu akakaa hapo na shuka moja, bila moto, kwa sababu moto ungeipasha pombe. Watu wa mlimani wanajua baridi ile: inaingia kwenye meno.

Siku ya nne akatazama: ukungu umezama, umekuwa tope jembamba chini. Mtu mwingine angekitwika akashuka nacho, na njiani vyote vingechanganyika upya. Gwakisa hakuwa mtu mwingine. Alikuwa amechukua pia chungu kitupu na mwanzi mrefu uliopinda, kama mirija wanayonywea wazee. Akautia mwanzi juu ya tope, akavuta kwa mdomo mpaka pombe ikaanza kutiririka yenyewe, ikahamia kidogo kidogo chungu kipya alichokiweka chini zaidi, tope likabaki palepale. Ile iliyoingia mdomoni alitema. Kisha akashuka. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vimekufa ganzi, na havikupona tena maisha yake yote.

Subilaga akatumbukiza haragwe. Akainama.

"Kaka! Naliona!"

"Unaliona vizuri?"

Akainama tena. Aliliona kama unavyomwona mtu nyuma ya pazia. "Mimi naliona," akasema, "lakini si mimi nitakayetazama kesho. Atatazama Ambwene. Na macho yale yamelia miaka saba."

Wakakaa wote wawili wakikitazama chungu. Jua lilikuwa limeelekea magharibi. Siku hazikubaki tena. Gwakisa akasema, "Tumefanya tulichoweza." Subilaga akasema, "Hapana, hatujafanya. Bado jua lipo." Akasimama, akaanza kuzunguka chumba anatafuta, na hakujua anatafuta nini.

Ndipo hodi ikapigwa.

"Hodi hapa."

"Karibu."

Akaingia Ambwene mwenyewe, na chini ya kwapa amebana mabua mabichi ya bamia. Tangu mtoto wake afe hakuwahi kukanyaga nyumba ile. Subilaga akapiga goti kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nionyeshe chungu."

Akaonyeshwa. Akainama, akatazama, akatazama tena. "Sioni," akasema. Kisha akakaa chini, akaweka mabua yake mbele, akaomba jiwe. Akaanza kuyaponda, akayakamua ndani ya bakuli la maji, mpaka ute ukajaa bakuli, unavutika kama mlenda.

"Mto ukijaa tope," akasema bila kuinua macho, "Ipyana alikuwa akitia hivi kwenye mtungi wangu. Ute unashika uchafu unashuka nao. Alikiokota wapi kitu hicho sijui. Alikuwa mtoto wa kuchezachezea vitu."

Akainuka na bakuli. Subilaga akaruka, akaufunika mdomo wa chungu kwa mkono wake ule ulioungua.

Mnamlaumu? Msimlaumu. Pombe ya kuonana imezaliwa kwa sababu ya mtu kutia kitu katika chungu. Na huyu alikuwa mama aliyekosewa, ameshika bakuli la kitu kizito, juu ya chungu cha mwisho.

"Mama," Subilaga akasema, "ikichafuka hii, sina chungu cha nne."

Ambwene akamtazama. "Na mimi sina mtoto wa pili."

Wakasimama hivyo. Kisha Ambwene akasema, kwa upole kidogo: "Mwanangu, vyungu viwili nimeinama mbele ya watu, na mara zote mbili nilitaka kuona. Ulidhani nafurahi kusema sioni? Nimechoka kumchukia mzee mmoja kutoka ng'ambo hii. Lakini siwezi kusema nimeona nisichokiona. Kauri ile si ya kuchezewa. Toa mkono."

Subilaga akautoa mkono.

Ambwene akamimina ute, akakoroga mara moja tu, polepole, akafunika. "Msiguse mpaka kesho," akasema, akaenda zake.

Kesho watu wakajaa mtoni. Shangazi naye alikuwepo, amekaa mbali kabisa, mikono ameikalia. Ng'ambo Mzee Lwitiko alisimama kwenye kichwa cha daraja, mzigo wake mkononi: mkeka, jembe lililolika na kibuyu kidogo. Alikuwa amekonda. Subilaga alimtazama, akasema moyoni, leo unakula kwangu, baba, leo usiku unakula kwangu.

Kifuniko kikafunuliwa. Wakachota ya juu, wakaimimina polepole katika chungu cha kuonana. Ilikuwa ya rangi ya asali mpya, inapitisha jua. Bi Tupokigwe akafungua pindo, akaiachia kauri. Ikazama taratibu, ikalala chini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ambwene akainama. Akatazama.

Hakutazama mara ya pili. Aliinuka, akageukia mto, akapaza sauti mpaka ikapasuka:

"Lwitiko! Nakuona!"

Vigelegele! Milima ikajibu. Mzee akaweka mguu darajani. Akaja polepole, na kila fundo alilolifikia alilishika kwa mkono wake. Katikati ya daraja akasimama. Fundo moja lilikuwa limelegea. Akauweka mzigo chini, akalikaza, akalivuta kulipima, akauchukua mzigo, akaendelea. Hapo vigelegele vikakatika. Watu wengi walilia, na Ambwene alikuwa mmoja wao.

Akafika. Akasimama mbele ya Bi Tupokigwe, mzigo mkononi. Bibi akauliza, kama desturi inavyotaka: "Nani aliyeisafisha pombe hii? Aje aupokee mzigo."

Subilaga akapiga hatua. Gwakisa akapiga hatua. Na Ambwene akapiga hatua.

Ala! Watu wakaguna.

Subilaga akageuka, hakuamini macho yake. "Kaka? Mama? Mnafanya nini?"

"Semeni," Bi Tupokigwe akasema, "mmoja mmoja. Na asiyeulizwa afunge mdomo."

Subilaga akasema: "Nimepika vyungu vitatu. Viwili vya kwanza nilikuwa peke yangu, hapakuwa na kaka wala mama huyu. Nimechekwa na wanawake, nimeiacha sifa yangu ya kusaga, nimeungua mkono huu, tazameni. Pombe iliyotoka kwangu ilikuwa imebakiza ukungu mwembamba tu. Nisingeisafisha mimi, baridi ingesafisha uji? Ute ungesafisha machicha? Miaka saba siwashi moto kabla sijaona moshi wake. Pombe iliyomfukuza niliipika mimi, na iliyomrudisha nimeipika mimi. Baba ni wa kwangu. Nipeni mzigo."

Watu wakasema, "Kweli kabisa."

Gwakisa akakohoa. Hakuwa mtu wa maneno. Akasema: "Dada alitia haragwe, hakuliona. Nikaenda nayo juu, nikarudi, akaliona. Hilo ndilo la kwanza. Vidole vyangu viko hapa, anayetaka aje avibonyeze. La pili..." Akasimama. Akamtazama baba yake. "La pili sijamwambia mtu. Siku ile baba alikuwa ameshavaa, anakwenda darajani. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Mimi ndiye niliyemwambia, daraja halikimbii, njoo kwanza unywe. Yeye akafukuzwa, mimi nikabaki nalala kitandani. Hakunitaja. Miaka saba hakunitaja. Nataka nimwekee moto miguuni mpaka afe. Nipeni mzigo."

Subilaga alimtazama kaka yake kama anamwona kwa mara ya kwanza. Mzee Lwitiko aliinamisha kichwa.

Ambwene akasema: "Jana jioni nilitazama chungu chao. Sikuona. Wao wanajua, waulizeni. Wangekileta hivyo, leo ningesema sioni, na mzee angegeuka, na pasingekuwa na chungu tena. Ute uliouzamisha ukungu wa mwisho ni wangu, na ujuzi huo ni wa mtoto wangu. Mnasikia? Ni Ipyana aliyemvusha mtu huyu. Sasa Subilaga ana watoto watatu kwenye jiko lake. Gwakisa ana mke na mashamba. Mimi nina nini? Nachota maji mwenyewe. Nakata kuni mwenyewe. Nikipika nabakiza, kwa sababu mkono umezoea kupikia wawili. Aliyeacha pengo hilo ni yeye. Sitaki mtumwa, sitaki kisasi. Nataka mtu wa kumwambia chakula kiko tayari. Nipeni mzigo."

Watu wakageuka kumtazama Subilaga.

Subilaga akapiga magoti mbele ya Ambwene. "Mama, nitakuletea chakula kila siku. Nitakuchotea maji mimi. Lakini baba niachie."

"Chakula cha kuletewa nitakila peke yangu, mwanangu."

"Aliyekosewa hawezi kuwa msafishaji!" shangazi akapiga kelele kutoka kule alikokaa. "Yeye ni wa kutazama tu!"

Bi Tupokigwe akamkata. "Desturi inasema aliyeisafisha. Haisemi awe nani. Na wewe ni mtu wa mwisho kuzungumzia kusafisha pombe hapa."

Kisha akamgeukia mzee. "Lwitiko, sema wewe. Unataka kwenda wapi?"

Mzee akawatazama wote watatu. Binti yake na mkono uliobabuka. Mwanawe na mguu unaochechemea. Mama wa Ipyana, na mvi ambazo hakuwa nazo siku alipomwona mara ya mwisho. Akasema, "Siku niliyotakiwa kuchagua, nilichagua pombe. Sichagui tena. Nitakwenda atakakokwenda mzigo wangu."

Akaunyoosha mkono, mzigo ukaning'inia mbele yake. Mikono mitatu ikanyooshwa pia: mmoja umeungua, mmoja wa kiume una sugu, mmoja umekauka kwa uzee. Bi Tupokigwe akatazama huyu, akatazama huyu, akatazama huyu, akashindwa. Akageuka akawauliza watu, watu wakashindwa, wakaanza kugombana wao kwa wao.

Na mimi niliyesimuliwa nilishindwa, ndiyo maana nimewaletea nyinyi. Semeni upesi, mzee bado amesimama pale, jua linazama, mkono wake umeanza kutetemeka na desturi haimruhusu kuuweka mzigo chini akishavuka. Aliyepika? Aliyepandisha kwenye baridi? Au aliyetia ute? Je, nani alistahili kuupokea mzigo ule?